Mpira wa dabi unapimwa upepo, tairi la boda je?

Siku ya Dabi ya Kariakoo, vijiwe vya bodaboda Sinza havina mtu wa kulala. Kijiweni, Mori, Afrika Sana, Makaburini, Palestina, kote jezi nyekundu na za njano zinagombea usafiri wa kwenda Temeke. Boda mmoja anapakia, mwingine anarudi, nauli zinapanda, na kila mtu anataka awe amekaa kwenye kiti Uwanja wa Mkapa kabla timu hazijatoka kupasha.

Huko uwanjani kuna kitu kimoja ambacho hakiachwi kwa bahati nasibu. Ni mpira wenyewe. Sheria namba 2 ya soka inasema upepo ndani ya mpira uwe kati ya 0.6 na 1.1 ya kipimo cha angahewa, yaani kama PSI 8.5 hadi 15.6. Mwamuzi hausukumi kwa kidole akasema "huu fresh". Unapimwa. Ukizidi unapunguzwa, ukipungua unaongezwa, na hakuna kocha anayelalamika kwamba anacheleweshwa.

Sasa pikipiki iliyombeba shabiki huyo kutoka Sinza mpaka langoni, matairi yake mawili yalipimwa na nani? Jibu linajulikana. Yalipimwa na kidole gumba. Au teke.

Hapo ndipo penye kichekesho cha mchezo huu. Kitu kinachopigwa mateke na watu 22 kwa dakika 90 kina kipimo, kina sheria na kina msimamizi. Kitu kinachobeba roho za watu wawili kwenye Barabara ya Mandela, katikati ya malori ya bandarini, kinakadiriwa kwa macho. Hili linatakiwa kukoma, na si jambo la kusubiri trafiki wala waziri. Linaweza kukomea hapo hapo kijiweni.

KIDOLE GUMBA HAKINA NAMBA

Ukikaa kijiwe chochote cha Sinza utakuta wataalamu wa upepo wamegawanyika makundi mawili, na ubishi wao hauna tofauti na wa Simba na Yanga. Kila upande una hoja, kila upande una mfano wa mshkaji wake, na hakuna anayekubali kushindwa.

Kundi la kwanza ni la "jaza mpaka liwe jiwe". Hawa wanasema tairi gumu linateleza vizuri barabarani, pikipiki inakuwa nyepesi, mafuta yanaliwa kidogo na pancha hazisumbui. Kwa anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, hoja ya mafuta si ya kudharau. Na ni kweli kwamba tairi lililopungua upepo linakula mafuta zaidi, kwa sababu linajikunja kila linapozunguka na injini inafanya kazi ya ziada kulisukuma.

Lakini kundi hili halimalizii hadithi. Tairi lililojazwa kupita kiasi linavimba katikati, na sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayotegemewa kushika breki pale daladala inapokata ghafla kuchukua abiria Shekilango. Tairi likiwa jiwe, kila tuta linairusha pikipiki, na tairi likiwa hewani halina breki wala kona. Halafu linakwisha vibaya. Kashata za katikati zinaisha mapema wakati za pembeni bado mpya. Hela iliyookolewa kwenye mafuta inarudi kwa muuza tairi.

Kundi la pili ni la "punguza kidogo lishike". Hawa hoja yao inatoka kwenye mchanga wa mitaa ya ndani na matope ya masika. Tairi lililolegea linatandaza mguu wake na halizami kirahisi. Kwenye mchanga wana ukweli wao. Shida ni kwamba abiria hakai kwenye mchanga. Baada ya dakika tatu pikipiki imetoka mtaani, imeingia lami, na mwendo umepanda.

Hapo tairi lililolegea linageuka adui. Ubavu wake unajikunja na kujikunjua mara nyingi kila dakika, na unachemka. Usukani unakuwa mzito na pikipiki inayumba kwenye kona kama imelewa. Likiingia shimoni, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Na kwa tairi la tyubu kuna hatari nyingine ambayo mafundi pancha wanaijua vizuri. Upepo ukipungua sana, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu dereva anapofunga breki au kukata mwendo. Linapoteleza linavuta tyubu, valvu inalala upande, mwishowe inakatika kwenye shina. Hiyo si pancha ya msumari inayotoa upepo polepole. Upepo unaondoka wote mara moja.

Kwa hiyo makundi yote mawili yana nusu ya ukweli, na yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanabishana kuhusu mwingi na mdogo bila kutaja namba. Ni sawa na mashabiki wanaobishana nani kafunga mabao mengi bila kuangalia msimamo wa ligi.

Kidole gumba hakiwezi kumaliza ubishi huo. Ubavu wa tairi la nyuma la pikipiki ya kubebea abiria ni mgumu wenyewe, hata likiwa na upepo kidogo. Dereva mwenye kidole chenye nguvu atalikuta laini, mwenzake atalikuta gumu, na tairi ni lile lile. Tairi lenye 20 na lenye 30 yanaweza kupita mtihani wa kidole siku moja, kijiwe kimoja.

NAMBA IPO, INASOMWA NA WACHACHE

Habari njema ni kwamba hakuna haja ya mtu kugundua namba. Waliotengeneza pikipiki walishaiandika kwenye kitabu chake, na pikipiki nyingine ina kibandiko kabisa karibu na mnyororo. Kwa pikipiki nyingi za India za cc 100 hadi 150, zile ambazo ndizo zimejaa vijiwe vya Dar es Salaam, namba zinazoandikwa zinakaribiana. Tairi la mbele ni kama PSI 25. La nyuma ni kama 28 dereva akiwa peke yake, na kama 32 akiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli ya mwisho.

Namba hizo tatu zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Zinasema kwamba hakuna upepo mmoja sahihi. Upepo sahihi unategemea mzigo. Tairi la mbele linabeba kidogo, linaongoza njia na kufanya kazi kubwa ya breki, kwa hiyo linahitaji kushika. La nyuma linabeba dereva, abiria, begi la abiria na mara nyingine gunia la mkaa. Anayejaza mbele na nyuma sawasawa, iwe yote 40 au yote 20, ameshakosea kabla hajatoka kijiweni.

Boda wa Sinza hayuko peke yake kwenye pikipiki kwa muda mrefu. Kazi yake ni abiria. Kwake namba ya nyuma ya kuanzia siku ni ile ya watu wawili. Kuzunguka peke yake dakika kumi akitafuta mteja kwa 32 hakumdhuru kama kupakia mtu wa kilo 90 kwa 22.

Kuna namba nyingine inayowachanganya wengi. Ni ile iliyochapwa kwenye ubavu wa tairi. Wapo wanaoisoma na kusema "si wameandika hapa, jaza hii". Hapana. Namba ile ni kikomo cha tairi lenyewe, maana yake usivuke hapo. Kiwanda cha tairi hakijui tairi hilo litafungwa kwenye pikipiki gani. Aliyetengeneza pikipiki ndiye anayejua uzito wake na jinsi ilivyogawanywa mbele na nyuma.

Na mshikaki? Hakuna namba ya mshikaki. Hakuna kitabu chenye upepo wa dereva na abiria wawili au watatu, kwa sababu hakuna fundi aliyeichora pikipiki hiyo kwa kazi hiyo. Anayeongeza upepo ili abebe mshikaki hajatatua tatizo, amelihamisha kutoka kwenye tairi kwenda kwenye breki, shokapu na spoki.

JOTO LA DAR NI MCHEZAJI WA 12

Kosa jingine ni muda wa kupima. Madereva wengi wanakumbuka upepo saa nane mchana, wakiwa wametoka kuzunguka Mwenge, Kariakoo na kurudi. Wakati huo tairi linachoma mkono. Hewa iliyochemka inasukuma zaidi, kwa hiyo geji inaonyesha namba kubwa kuliko upepo halisi uliomo.

Hesabu yake si ngumu. Tairi likisomeka 32 likiwa la moto, kisha likapoa kwa nyuzijoto 20, asubuhi litasomeka kama 29. Dereva anashangaa nani kamchezea tairi usiku. Hakuna aliyelichezea, lilikuwa halijatimia tangu jana. Mwingine anakosea kinyume chake. Anakuta mchana geji inasoma 35, anaogopa, anapunguza mpaka 32. Kesho asubuhi anaondoka nyumbani akiwa chini ya kipimo bila kujua.

Ndiyo maana namba za kitabu ni za tairi la baridi. Muda wake ni alfajiri, kabla pikipiki haijatoka uani. Dakika mbili zinatosha. Na tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo hata bila pancha, kwa hiyo kupima mara moja tairi linapofungwa halafu basi ni sawa na kufanya mazoezi siku ya usajili tu. Mara moja kwa wiki ni kiwango cha chini kwa pikipiki ya nyumbani. Inayofanya kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku inastahili zaidi ya hapo.

VIÑALES ALIPOTEZA JUKWAA KWA AJILI YA UPEPO

Anayedhani habari ya upepo ni mambo ya kizee aulize mashabiki wa MotoGP, mbio kubwa kuliko zote za pikipiki duniani. Kule tairi la mbele halitakiwi kukimbia likiwa chini ya bar 1.8, karibu PSI 26, kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko ya mbio. Kipimo ni cha tairi likiwa la moto barabarani, na kifaa kilichofungwa ndani yake kinasoma muda wote. Ukishindwa, unaongezewa sekunde 16 kwenye mbio kuu. Katika mchezo unaoamuliwa kwa nusu sekunde, sekunde 16 ni kaburi.

Aprili 2025 nchini Qatar, Maverick Viñales wa KTM alimaliza wa pili nyuma ya Marc Marquez. Ilikuwa siku yake kubwa. Baadaye vipimo vikasomwa, tairi lake la mbele likakutwa chini ya kiwango, sekunde 16 zikaongezwa, na Viñales akaporomoka mpaka nafasi ya 14. Hakumgonga mtu, hakuanza mapema. Ni upepo tu.

Mwezi mmoja kabla yake, Buriram nchini Thailand, Marc Marquez alionyesha upande wa pili wa somo hilo. Alikuwa anaongoza, akaona upepo wa tairi lake la mbele uko chini. Akamwachia mdogo wake, Alex, apite. Wengi wakadhani kaharibu. Kumbe anayeongoza anapigwa na hewa safi inayopoza tairi, na anayefuata nyuma ya pikipiki nyingine anapata joto lake. Tairi likachemka, upepo ukapanda, na mbio zilipokaribia kwisha Marc akampita tena Alex na kushinda.

Bingwa wa dunia alikubali kukaa wa pili kwa mizunguko mingi kwa ajili ya upepo. Boda wa Sinza anaombwa dakika mbili za alfajiri.

Ni kweli dereva wa MotoGP ana kundi la mafundi, yuko peke yake juu ya pikipiki, na barabara yake haina shimo, tuta wala mbuzi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya boda kuwa makini zaidi, si kidogo. Mwenye lami safi na mafundi hatoki bila kipimo, itakuwaje mwenye mashimo na abiria nyuma?

VISINGIZIO VINAJULIKANA

Cha kwanza ni "fundi pancha ndiye anayejua". Fundi pancha anajua mengi, na wengi wao ni waaminifu. Lakini geji iliyo juu ya tangi la kompresa lake inaonyesha upepo uliomo kwenye tangi, haionyeshi uliomo kwenye tairi la mteja. Anayejaza kwa kuisikiliza mashine ikivuma anakisia, hata kama anakisia kwa uzoefu wa miaka mingi. Fundi mzuri hataudhika akiombwa aweke geji kwenye valvu. Atafurahi kumpata mteja anayeelewa.

Cha pili ni hela. Geji ndogo ya mkononi si kitu cha kukopea benki. Kijiwe chenye madereva 15 kikichanga, kila mmoja anatoa hela ndogo kuliko anayotumia kwenye chai na chapati. Vijiwe hivyo vinachangia msiba, harusi na mwenzao akilazwa, na ni jambo la heshima. Wengi wanakijua vizuri kitengo cha mifupa cha MOI pale Muhimbili kwa sababu wameshampeleka mwenzao au wameshakwenda kumwona. Mchango wa geji ni mdogo kuliko mchango wa kumtoa mtu pale.

Cha tatu ni "pikipiki ya bosi". Hiki ndicho kibaya kuliko vyote. Bosi anayedai hesabu kila jioni bila kuuliza tairi lina hali gani anafanana na mwenye klabu anayedai kombe huku wachezaji wanafanya mazoezi peku. Na dereva anayesema tairi ni la bosi anasahau kwamba mguu utakaovunjika si wa bosi. Pikipiki inapoondoka asubuhi, hesabu iende na upepo.

MATAWI YA SIMBA NA YANGA YAANZE

Hapa ndipo michezo inapoweza kufanya kitu. Matawi ya Simba na Yanga yana nguvu ya watu ambayo ofisi nyingi za serikali hazina. Wanachama wao ndio abiria, na wengi wa madereva ni wanachama wao. Tawi linaloweza kuchangisha hela ya basi kwenda mechi ya mkoani haliwezi kushindwa kununua geji mbili tatu na kuziweka vijiweni kabla ya dabi. Dereva apime, aandike, aondoke. Wa Simba wampime wa Yanga na wa Yanga wampime wa Simba, utani uendelee humo humo.

Jambo la pili halihitaji hata tawi. Bodaboda za Dar zimejaa maandishi kwenye madigadi: majina ya watoto, mafumbo, vijembe. Pabaki nafasi ndogo ya namba tatu kutoka kwenye kitabu cha pikipiki hiyo: ya mbele, ya nyuma peke yako, ya nyuma na abiria. Fundi pancha ataiona, dereva wa kukodi wa siku moja ataiona, na abiria ataiona.

Abiria naye asijitoe. Anayejua kikosi cha kwanza cha timu yake kwa moyo anaweza kujifunza kutazama tairi la nyuma kabla ya kupanda. Kashata zimeisha katikati, upepo umekuwa mwingi muda mrefu. Zimeisha pembeni, umekuwa mdogo. Limekuwa kipara kote, hilo halina cha kujadili, tafuta boda mwingine. Kumwuliza dereva "kaka, umepima upepo leo?" si dharau. Ni swali la mtu anayetaka kurudi nyumbani.

Mwaka 2027 Tanzania itaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Wageni watajaa, na mabasi hayataweza kumfikisha kila mtu kila mahali. Boda atakuwa sehemu ya mashindano hayo kama alivyo sehemu ya kila dabi. Viwanja vinakaguliwa, hoteli zinakaguliwa, nyasi zinapimwa urefu wake. Sinza ikianza sasa na geji moja kwa kila kijiwe, itakuwa imefanya ukaguzi wake yenyewe, bila kusubiri mkaguzi kutoka Cairo.